Mirga

Waliniita saa tano na robo, Makadara, chumba cha tatu.
Hukumu ilikwisha kusomwa tangu asubuhi;
walichotaka ni mtu wa kuifikisha,
tarishi wa barua iliyokwisha kufunguliwa.

Hirpa Tolesa, miaka thelathini na minne,
fundi wa mizani za bucha, Soko la Burma.
Kucha zake bado zilikuwa na grisi.
Faili ilisema: Alisomewa shtaka. Akajibu, ni kweli.
Nikamuuliza kwa lugha yetu, yake ya Wollega, yangu ya Borana:
ulijibu nini?
Akasema, askari alininong'oneza,
mheshimiwa akinyamaza useme "kweli".
Nilidhani ndiyo salamu ya humu ndani.

Dakika nne.
Nimeona watu Burma wakibishania mfupa
kwa muda mrefu kuliko huo.

Karani akanihimiza. Mwambie tu.
Mwambie anarudishwa kwao.
Mwambie ana haki ya kukata rufaa, siku kumi na nne.
Mwambie aweke kidole hapa.

Haki.
Mimi ni wa Moyale. Mpaka ulipita
katikati ya ukoo wa mama yangu kama kisu kwenye chapati.
Miaka tisa nalipwa kuvusha maneno,
na hili bado hunielemea,
maana kwetu haki ni mirga, na mirga
ndio pia upande huu, mkono huu, usio wa kushoto.
Nikamwambia: una mirga.
Akautazama mkono wake wa kulia.
Ulikuwa umetiwa pingu moja
na mkono wa kijana aliyekuwa akisinzia.

Kwa Kiswahili ni mkono wa kulia
kwa kuwa ndio wa kulia ugali.
Kulia kule kwingine
hakuchagui mkono.

Kisha akainua macho ukutani,
kwenye mizani iliyochorwa juu ya kiti cha hakimu,
akaikagua kama mtu aliyeulizwa bei ya kutengeneza.
"Ile imelala kushoto," akasema.
"Nani huihakiki? Ya mwenye bucha hupimwa kila mwaka,
hupigwa muhuri, ikidanganya gramu kumi anatozwa faini.
Ile je?"

Anasema nini? karani akauliza.

Na mimi niliyeapa kutafsiri yote,
bila kuongeza, bila kupunguza,
nikasema: anauliza utaratibu.

Nilipunja. Najua.
Niliweka kidole changu kwenye sahani ya mizani
mbele ya fundi wa mizani,
naye akatabasamu, akidhani nimemsemea.

Usiku nikampigia wakili Kerubo.
Akaandika hadi alfajiri: hakupewa mkalimani,
hakuulizwa kwa nini alitoka kwao,
hakuulizwa nani anamngoja akirudi.
Amri ya kuzuia ikatoka Ijumaa, saa nane na dakika ishirini.
Niliishika kwa pembe, wino haujakauka,
nikapanda boda hadi Pangani.

Kitabu cha mahabusu: Ametoka. Saa tisa usiku. Gari la kaskazini.
Sajini hakuwa mkali.
Aliisoma amri yote, hata jina la mpiga chapa,
akaikunja vizuri, akanirudishia.
"Mama, hii ni nzuri sana," akasema.
"Imechelewa tu."

Barabara ile naijua. Isiolo, Marsabit, Turbi,
siku hizi lami tupu, gari halina hata cha kulichelewesha.
Hupita nyuma ya nyumba ya dada yangu.
Labda alikuwa akikamua mbuzi, akaona taa.

Fomu yangu ya malipo iko mezani.
Lugha: Kioromo.
Muda: dakika kumi na mbili.
Maelezo ya mkalimani, kama yapo:

Aliuliza nani huihakiki ile mizani.
Naomba swali liingizwe kwenye faili kama alivyolisema,
kwa tarehe ya siku ile, na jina langu mimi niliyelificha.

Mistari waliyotoa ni miwili.
Nimeigeuza karatasi.